Lori lingine la unga, au tuwaachie watu wa nyumbani waamue? (Chama cha watu wa Mwingi, Nairobi)

KijanaWaTseikuru (mwanzisha uzi)

Wadau, kuna jambo limetugawanya kwenye chama na sitaki tulimalizie kwa kelele za WhatsApp.

Sisi ni watu wa Mwingi Kaskazini, kule Kitui, tunaoishi Nairobi: Pipeline, Kayole, Kawangware, na wachache wa Syokimau wanaojiona. Ule ukame wa 2020 hadi 2022, mvua ilipokataa misimu mitano mfululizo, tulifanya walichofanya wengi. Tulichanga, tukanunua unga, maharagwe na mafuta, tukakodi lori. Kufikia mwanzo wa 2023 Wakenya wapatao milioni 4.4 walikuwa kwenye njaa kali, na mifugo zaidi ya milioni 2.4 walikuwa wamekufa kote nchini. Hakuna aliyeuliza kama lori ni wazo zuri. Watu walikuwa hawajala.

Halafu mwisho wa 2023 mvua ya El Niño ikaja kwa fujo, mito ikavunja kingo, na kwa redio njaa ikaisha siku hiyo hiyo. Kamera zote zikahamia kwa mafuriko.

Ukifika kijijini mambo ni mengine. Kuna mama jirani yetu aliyekuwa akisomesha watoto kwa mbuzi. Aliuza wengine kwa bei ya kutupa, waliobaki wakafa. Mvua iliporudi hakuwa na mbegu kwa sababu ililiwa. Akakopa mbegu, akapanda, akavuna, na sehemu kubwa ya mavuno ikaenda dukani. Mwenye duka alinionyesha daftari, lile la jalada gumu jeusi. Jina la huyo mama linaenda ukurasa baada ya ukurasa: unga, chumvi, unga, mafuta ya taa, unga, unga, panadol, unga. Mistari michache tu ndiyo imekatwa kwa kalamu nyekundu. Na rafu za duka lenyewe ziko wazi, maana mtaji wote umelala ndani ya hilo daftari.

Sasa chama kina pesa. Upande mmoja unataka lori kila Agosti, liwe desturi. Upande mwingine unataka "kitu cha kuonekana", yaani kisima chenye bango la chama. Mimi nasema tusiamue kutoka hapa. Tutenge pesa za miaka mitatu, watu wa nyumbani wakae chini, wao ndio waseme. Nimeitwa mtu wa nadharia. Haya, semeni.

---

Mzee_Kayole

Kijana wangu, nimekusoma. Wewe mwaka wa 1984 hukuwa umezaliwa. Mwaka ule kwetu tunauita Nikw'a Ngwete. Watu walikuwa na pesa mfukoni na madukani hakuna kitu. Tulikula mahindi ya njano ya Marekani, na hata hayo tuliyapigia foleni. Kwa hivyo mtu akiniambia peleka pesa, pesa ndiyo heshima, namuuliza: itanunua nini, na wapi?

Lakini pia lori la kila Agosti mimi silitaki. Mnanunua unga Industrial Area, mnalipia mafuta hadi Tseikuru, na Februari ile ile mkulima wa huko alikuwa anawauzia madalali mtama na ndengu kwa bei ya hasara. Agosti anakuja kula unga wenu wa bure. Nunueni kwake wakati wa mavuno, muweke pale pale, wamuuzie tena wakati wa kiangazi kwa bei ya wastani. Siku hizi kuna yale magunia ya tabaka tatu yasiyopitisha hewa, dumuzi hufia ndani bila dawa. Ghala ya kijiji, ufunguo ukae kijijini.

---

Otis_wa_Umoja

Kisima chenye bango 😂 Kwetu bango liliishi kuliko kisima. Mpaka leo linasimama, kuku wanalala juu.

---

BintiGarbatulla

Kakangu, usikubali kuitwa mtu wa nadharia. Mimi ni wa Isiolo, nakaa Eastleigh, na nimefanya kazi na wafugaji. Mambo ya kuamuliwa na mtu aliye mbali tumeyaona.

Waulizeni watu wa Baringo habari ya mathenge. Mti huo uliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, mradi mzuri kwenye karatasi: kuni, kivuli, kuzuia jangwa. Ukameza malisho. Maganda yake yana sukari, mbuzi wakila sana meno yanaoza na kung'oka. Watu wa Ilchamus walienda mahakamani kuishtaki serikali na wakampeleka mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Halafu nendeni Turkana mwulize kuhusu kiwanda cha samaki cha Kalokol, kilichojengwa kwa pesa za Norway. Kugandisha samaki kwa joto lile kulihitaji umeme na maji safi kuliko eneo lilivyoweza kumudu. Kikafa karibu kabla ya kuanza. Yote mawili yalikuwa ya kuwasaidia watu wa ukame wainuke. Hakuna aliyekuwa mwovu. Waliulizwa tu watu wasiohusika.

Kwetu Waborana tuna busa gonofa. Mtu akipoteza mifugo, ukoo unakaa, unachunguza kama amepotezwa na ukame au na uzembe, kisha kila mwenye uwezo anatoa mnyama. Na tuna dedha, wazee wanaopanga malisho ya masika, ya kiangazi, na yale ya akiba ambayo hayaguswi mpaka hali iwe mbaya kabisa. Sasa mfadhili anakuja kwa huruma anachimba kisima katikati ya malisho ya akiba. Maji yapo mwaka mzima, mifugo wanakaa mwaka mzima, nyasi zinaisha, ukame ukija hakuna pa kukimbilia. Kisima kimeleta njaa. Ndiyo maana ule mfuko wa tabianchi wa kaunti, ulioanzia Isiolo kabla ya kwenda Makueni, Kitui, Wajir na Garissa, uliweka kamati kwenye wadi zichague mradi, na baadhi ya kamati zilichagua kuipa dedha nguvu badala ya kujenga chochote. Hicho hakipigwi picha.

Jambo la mwisho ni muda. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano. Ng'ombe tisa, na ndama jike atazaa akiwa na miaka mitatu au zaidi. Ngamia hubeba kama miezi kumi na mitatu, na huchukua muda kabla ya kubeba tena. Anayesema familia imeinuka baada ya msimu mmoja wa mvua hajawahi kufuga. Miaka mitatu yako, kaka, ni kidogo. Anza nayo lakini.

---

MamaMathare10

Naona mnaongea kama Nairobi ndiyo inatoa na mashambani ndiko kunapokea. Sisi wa Mathare tumekaa na njaa hapa hapa, kilomita chache kutoka Marikiti kunakoshushwa chakula cha jiji lote.

Mnakumbuka Julai 2022, pakiti ya unga ya kilo mbili ilikuwa imepita shilingi 200, serikali ikatangaza 100, na ukifika dukani hakuna? Tuliishi kwa kadogo. Unanunua unga wa kupimiwa, mafuta ya shilingi kumi, na anayekupimia ni jirani ambaye naye anakudai. Na 2020 wakati wa korona vibarua vilipokauka, waliotupikia ni akina mama wa plot na vijana wa mtaa kabla mtu yeyote wa gari kubwa hajafika. Tulijua nani ana mtoto mchanga, nani ana mzee wa kisukari, nani anaona haya kuja kupanga foleni. Huyo wa mwisho ndiye orodha za ofisi humwacha kila mara.

Baadaye ndipo nilipojifunza. Jiko la pamoja likifungwa, kundi likivunjika, mnarudi sufuri. Sisi hatukuvunjika. Tuligeuka merigo, yaani kuchangiana kwa zamu, kisha tukaanza kukopeshana, tukapanda sukuma na terere kwenye magunia. Mboga za gunia haziwezi kulisha Mathare, nisiwadanganye, na maji ya kumwagilia yananunuliwa kwa mtungi. Lakini mtu ana sababu ya kuja mkutanoni. Mafuriko ya 2024 yalipobeba nyumba za kando ya mto, na tingatinga zikaja nyuma ya maji kumalizia, lile kundi ndilo lilijua nani amelala wapi.

Kaunti ina sheria ya kilimo cha mjini tangu 2015, na watoto wa shule za umma wanakula Dishi na County kwa shilingi tano, hiyo nasifu. Wa shule zetu ndogo za mabati ndani ya mtaa wengi wanaangalia tu.

Swali langu kwako kijana: hao watu wako wa nyumbani wana kundi linalokutana njaa ikiwa haipo? Kama lipo, peleka pesa. Kama halipo, hizo pesa ndizo zitaanzisha vita.

---

Mgogo_SouthB

Mkuu, mimi Mtanzania nipo hapa Nairobi kikazi, naomba nichangie. Kwetu Dodoma kuna kitu wanaita kisiki hai. Mti uliokatwa bado una mizizi hai ardhini. Unachagua machipukizi machache yenye afya, unapogoa mengine, unafunga kitambaa kuonyesha kisiki kina mwenyewe, unakilinda na mbuzi. Hununui mche, humwagilii.

Njia hii ilishika kasi Niger, eneo la Maradi, baada ya njaa ya 1984. Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa huko, aliona miche ya kupandwa inakufa kila mwaka huku visiki viko hai miguuni pake. Ile njaa ilipobana, wakulima walipewa chakula kwa masharti ya kuacha visiki viote shambani. Chakula kilipoisha wengi walirudi wakakata. Wachache waliendelea, majirani wakaona mavuno yao, na miaka ishirini baadaye eneo la takriban hekta milioni tano lilikuwa na miti tena, nyingi bila mradi wowote kusimamia. Kilichobadilisha mambo ni mkulima kuuona mti kuwa mali yake na si ya bwana misitu.

Kwa hiyo mzee wa juu yupo sahihi kuhusu chakula na wewe uko sahihi kuhusu muda. Chakula kilifungua mlango, ila hakikuwajengea nyumba.

---

Mhasibu_Ngong_Rd

Nitaongea pesa tu.

Kuna utafiti mkubwa ulifanywa Siaya: kaya zaidi ya 10,500 maskini zilipewa kama dola 1,000 kila moja, bila masharti. Uchumi wa eneo uliongezeka takriban mara 2.5 ya kilichotolewa, na bei za vitu hazikupanda kwa maana yoyote. Wasiopewa pia walifaidika, kwa sababu pesa zilipita kwa maduka na vibarua vyao. Mzee Kayole, hofu yako ya 1984 ina msingi pale ambapo soko limekufa. Siku hizi Tseikuru lori la bidhaa linafika. Kilichokufa ni mfuko wa mnunuzi na, kama daftari lile linavyosema, mtaji wa mwenye duka.

Kuhusu udhibiti: msipeleke zote kwa mara moja na msipeleke kwa simu ya mtu mmoja. Kundi lifungue akaunti. Za mzunguko zikae kwenye sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasio wa ukoo mmoja, na lisifunguliwe ila kwenye kikao. Mtindo huo nao ulianzia Maradi, mwaka wa 1991, na wanawake. Matumizi yasomwe kwa sauti mbele ya watu baada ya kanisa au siku ya soko. Msitake risiti ya kila kitu. Fundi wa kijijini hana risiti, na mkimtaka aitafute atawatengenezea.

---

SitakiUjinga

Nyote mnasema "jamii" kama ni mtu mmoja. Mimi nimetoka kijiji ambacho orodha ya msaada iliandikwa usiku. Asubuhi wajane wawili hawapo na shemeji ya mtu fulani yupo mara mbili, kwa jina la nyumbani na la kitambulisho. Mkiwapa "watu wa nyumbani" mtakuwa mmewapa wale wanaoongea vizuri kwenye simu. Mwanamke aliyeolewa juzi ataongea? Kijana wa boda ataongea?

---

Mwethya_Daima

@SitakiUjinga hiyo ni kweli tupu, na hata dedha na mwethya, yaani kundi letu Wakamba la kusaidiana kazi, zina wakubwa wao. Lakini tofauti ipo. Mwethya watu wanakujua kwa jembe. Usipokuja kuchimba, siku yako hawaji.

Historia fupi kwa vijana wa chama. Mnapita Muindi Mbingu Street kila siku mkienda City Market. Mwaka wa 1938 mkoloni aliamua Wakamba wana ng'ombe wengi mno, udongo unaisha, akawakamata na kuwauza kwa nguvu. Muindi Mbingu akaongoza watu kutoka Machakos hadi hapa Nairobi, wakapiga kambi wiki kadhaa, hadi serikali ikalegeza. Yeye akafukuzwa akawekwa Lamu. Baadaye wakaja na matuta ya lazima, watu wakayachimba kwa kusukumwa. Halafu watu wale wale wakaichagua fanya juu kwa hiari yao, udongo unatupwa upande wa juu wa mtaro, na akina mama wa mwethya wakaieneza vilima vyote vya Machakos. Shida ya udongo ilikuwa ya kweli tangu mwanzo. Mkoloni hakukosea kuiona.

Mabwawa ya mchanga ni hivyo hivyo. Joshua Mukusya na wenzake wa Utooni walianza 1978 kwa mikono yao. Ukuta wa mawe na saruji unajengwa kukatiza mto wa msimu, juu ya mwamba. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, maji yanakaa ndani ya mchanga ambapo jua haliyafikii na mbu hatagi. Pasipo na mwamba usijenge, maji yatapita chini. Kijana, pendekeza hilo.

---

KijanaWaTseikuru

Asanteni. Nimekaa kimya kwa sababu tulikuwa tumeamua kwanza tusikie nyumbani. Mama Mathare, kundi lipo: mwethya wa akina mama, unakutana Jumatano hata kama hakuna msaada. Walikaa vikao tofauti, wanawake peke yao, vijana peke yao, kisha wote. (Hilo la kutenganisha lilitoka kwao, si kwangu.)

Mwethya_Daima, bwawa la mchanga hawalitaki. Wanalo tayari. Wanachotaka ni malori yaache kuchota mchanga uliomo. Yanakuja usiku, yanajaza, yanaondoka kuelekea barabara kuu. Na ule mchanga unakwenda wapi? Unakuja hapa. Ndio uliojenga hizi plot za Pipeline tunazolipia kodi. Kwenye kikao cha chama pakawa kimya, maana tuna mwanachama ana lori.

Kwa hivyo ombi lao ni hili: msaada wa nauli na wakili mwezi wa kwanza, waende kaunti na ushahidi, wakitaja jinsi Makueni walivyojitungia sheria ya mchanga tangu 2015. Pili, mbegu za ndengu na mtama zifike kabla ya mwisho wa Septemba, kwa sababu kwetu vuli ndiyo mvua ya kutegemewa na wengine hupanda kavu. Wazirudishe kwenye ghala wakivuna, kiasi kile kile na gorogoro moja (ule mkebe wa kupimia) juu. Hapo Mzee Kayole umeshinda. Tatu, duka. Wanataka chama kilipe sehemu ya deni la kaya zilizolemewa kabisa, kwa masharti kwamba mwenye duka ajaze rafu na asiongeze bei.

Hili la tatu ndilo limewasha moto. Nusu ya chama wanasema kulipa deni la mtu dukani si maendeleo.

---

Otis_wa_Umoja

Mwenye lori amesema nini?

---

KijanaWaTseikuru

Amesema yeye huchota mto mwingine.

---

Mzee_Kayole

Lipeni hilo deni. Anayedaiwa haendi dukani, na asiyekwenda dukani hutuma mtoto kilomita nyingi kununua chumvi kwingine. Nimeyaona. Lakini orodha isiandikwe na mwenye duka.

---

SitakiUjinga

Na isomwe mchana.

---

Mhasibu_Ngong_Rd

Naunga mkono, kwa awamu. Mlipeni mwenye duka theluthi sasa, nyingine baada ya kuona rafu. Na yeye asamehe kiasi, kwa sababu deni hilo nusu yake alikuwa hatalipwa kamwe na anajua.

---

BintiGarbatulla

Nimefurahi mbuzi hawamo kwenye orodha ya mwaka wa kwanza. Watu wengi wa mjini hukimbilia kununua mbuzi kwa pamoja, bei inapanda sokoni, na nyasi bado hazijarudi. Wakiomba mwaka wa pili, nunueni majike wa huko huko, waliozoea magonjwa ya huko.

---

Katumani_Fan

Nimechelewa uzi, ila kuhusu mbegu sikilizeni. Msiende Nyamakima mkanunua gunia la ndengu za kula mkaliita mbegu. Zimechanganywa za sehemu kumi, nyingine zimekaa ghalani hata hazioti, na zikiota hazikomai pamoja. Ulizeni KALRO Katumani, wale watafiti wa kilimo wa serikali. Aina ya ndengu ya N26 hukomaa kwa takriban miezi miwili, KS20 huchukua zaidi kidogo. Agizeni mapema, ikifika Septemba kila mradi wa Ukambani unatafuta mbegu hizo hizo. Na kabla ya kugawa, chukueni mbegu mia moja, mzifunge kwa kitambaa chenye maji siku chache, mhesabu zilizochipua. Zikiwa chini ya themanini, rudisheni gunia.

---

KijanaWaTseikuru

Hilo la kitambaa nimelituma kwa kundi sasa hivi. Wamejibu wanalifanya tangu zamani, wanauliza tu gunia likirudishwa nauli analipa nani.